Apolo Wawili

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, imo habari fupi ambayo wasomaji wengi huipita mbio wakimkimbilia Paulo. Ni habari ya Apolo, Myahudi wa Iskanderia, msemaji hodari na mjuzi wa Maandiko, aliyefika Efeso akaanza kufundisha katika sinagogi bila hofu. Kasoro yake ilikuwa moja: aliujua ubatizo wa Yohana tu. Miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo Prisila na mumewe Akila, washona mahema, wahamiaji walioondoka Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio. Hawakumkatiza mbele ya watu wala hawakumcheka. Walimchukua kwao, wakamfafanulia yale aliyoyapungukiwa.

Twawaomba wasomaji watue hapo kidogo. Iskanderia ulikuwa mji wa vitabu na wanafalsafa, na mtu aliyetoka huko aliweza kutembea kifua mbele popote alipokwenda. Huyu alikubali kusahihishwa na mafundi wa mahema, tena mmoja wao mwanamke, ambaye jina lake latangulia la mumewe katika habari ile. Luka hatuelezi kama Apolo alinuna au alibishana. Atuambia tu kwamba baadaye alivuka kwenda Akaya akawafaa sana waamini wa huko. Na Wakorintho walipoanza kugawanyika, hawa wakijiita wa Paulo na hawa wa Apolo, Paulo alimsihi Apolo aende kwao naye hakutaka kwenda wakati ule. Sababu haikuandikwa. Sisi twadhani, na haya ni maoni yetu tu, kwamba hakupenda kwenda kupepea moto uliowashwa kwa jina lake.

Tumeikumbuka habari hii kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia si zamani sana. Katika mkutano wa kanisa moja, ambalo hatutalitaja, mama mmoja mtu mzima, mwalimu wa watoto wa Jumapili kwa miaka mingi, alisimama akauliza kwa adabu kabisa fedha za mabati zilizochangwa zimefikia wapi. Kiongozi aliyekuwa mezani, mwenye cheo kirefu kilichotangulia jina lake, alimjibu kwamba Mkristo mwenye hekima ni mnyenyekevu, na mnyenyekevu haulizi watumishi wa Mungu maswali. Yule mama akaketi. Watu wakapiga makofi. Mabati hayo, hadi tunapoandika, hayajaonekana.

Kosa la kiongozi yule, kwa maoni yetu, si la fedha peke yake. Alilichukua neno unyenyekevu, ambalo lilimpasa yeye kwanza, akamvika mwingine kama nira. Bwana wake, usiku ule wa karamu ya mwisho, ndiye aliyejifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu. Hakuwaamuru wao wainame. Tena Petro alipopinga hakufukuzwa chumbani. Alielezwa, akaelewa.

Wako watakaosema kwamba twakuza jambo dogo, mabati ni mabati. Lakini nchi zetu zimekwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Huko Kanungu, kusini magharibi ya Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa, na makaburi mengine yakagunduliwa baadaye. Waumini wale walikuwa wamezuiwa kwa sehemu kubwa kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara. Mtu asiyeruhusiwa kusema atauliza vipi? Mwaka 2023 ikawa zamu ya msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watoto wengi pia, na ikasemwa kwamba watu walifunga kula hadi kufa wakitarajia kumwona Yesu. Mashauri yamefikishwa mahakamani, nasi hatuna haki ya kutoa hukumu. Twasema tu kwamba maafa kama hayo hayaanzi msituni. Huanza siku mtu wa kwanza anapouliza swali la haki akaambiwa aketi, na wenzake wakapiga makofi.

Basi unyenyekevu wa kweli wafananaje? Twamgeukia Apolo wa pili, wa huku kwetu. Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda kama mwaka 1864, na alipobatizwa mwaka 1895 akachukua jina la yule wa Iskanderia. Jina la Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, alipewa na watu kwa ajili ya vazi la kigeni alilokuwa akilivaa. Hata wanyenyekevu, kumbe, waweza kupenda nguo nzuri. Mwishoni mwa mwaka 1896 alivuka kutoka Toro akafika Mboga, ambayo leo ni sehemu ya Kongo. Mtawala wa huko, Tabaro, hakumtaka. Apolo alipigwa, kisha dada yake Tabaro alipokufa kwa kuangukia mkuki penye nyumba ya Apolo, akashitakiwa, akarudishwa Toro akiwa mfungwa.

Kesi ilipokwisha naye akawa huru, angeweza kubaki Uganda, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Alirudi Mboga, kwa watu wale wale. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akafanywa kanoni wa Namirembe, heshima ambayo kwa wengine ingekuwa tiketi ya kustarehe mjini. Yeye wakati huo alikwisha kuanza kuingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu ambao jirani zao waliwadharau kwa ufupi wao na maisha yao ya uwindaji. Alikuwa akikaribia miaka 60, mzee wa kanisa, na huko alikuwa mwanafunzi tena: alipaswa kujua njia zao, vyakula vyao, maneno yao. Injili ya Marko ikafasiriwa kwa lugha yao. Alipofariki Mboga tarehe 30 Mei 1933, alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, maana kazi yake ilikuwa bado huko.

Hatusemi kwamba kila mchungaji aende Ituri. Wala hatusemi kwamba kanisa liendeshwe kwa kelele za mkutano, kila mtu akiinua kidole. Utii una mahali pake, na mvulana aliyebatizwa jana hapaswi kumfokea mzee wake. Lakini mama yule hakufoka. Aliuliza. Prisila naye hakufoka.

Yako makanisa, nasi twayajua, ambamo hesabu za sadaka hubandikwa mlangoni kila mwezi, na wazee wawili wasio ndugu wa mchungaji hutia sahihi. Wachungaji wa makanisa hayo hawajapungukiwa na heshima yo yote. Mkutano mkuu wa kanisa tulilolisema utaketi tena mwezi ujao, na jina la yule mwalimu wa Jumapili limo katika orodha ya wajumbe. Twatumaini atapewa nafasi ya kusimama tena, na kwamba safari hii yule aliye mezani atakuwa na karatasi mkononi.