Mwenzi Asiyeonekana na Ukimya wa Wanakiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili wa Chuka au Embu huambiwa, na kwa haki, kwamba lugha hii inamudu taaluma zote. Aombwe basi aeleze kwa Kiswahili jinsi kitu kisichoonekana kinavyotafutwa kando ya nyota, uone atakavyobabaika.

Kubabaika huko kunatia haya, kwani habari yenyewe ilianzia nchini. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa kwa Kiswahili: Uhuru. Ilipima eksirei zitokazo angani, ikaonyesha kwamba zile za Cygnus X-1 hubadilika katika muda usiofika sekunde moja. Kitu kipepesacho hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Mahali hapo wanafalaki wakaiona nyota HDE 226868, jitu la buluu lenye joto la takriban nyuzi 30,000. Mistari ya mwanga wake ilisogea upande wa buluu, kisha wa nyekundu, ikarudia hivyo kila siku 5.6. Ilikuwa ikizungukana na mwenzi. Makadirio ya 2021 yanampa mwenzi huyo uzito wa mara 21 ya Jua. Mzito hivyo, mdogo hivyo, tena asiye na nuru: ni shimo jeusi.

Jitu, mwenzi, shimo. Yote ni maneno ya nyumbani. Palipo na kazi ni kwingine. Nyota hiyo ina umri wa miaka milioni chache tu, ilhali Jua lina takriban bilioni 4.6, hata hivyo imekwisha kupita ujana wake, kwa kuwa ilichoma haidrojeni yake kwa pupa. Kuiita “kongwe” ni kupotosha. “Iliyopevuka” lafaa zaidi. Uamuzi kama huo haumhusu mwanafizikia peke yake. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Waliopungua ni waandishi, si istilahi, na tasnifu kuhusu wahusika na taswira zinazidi kurundikana.

Ikweta hupita Meru, na jioni za Agosti na Septemba kundi la Cygnus huonekana kutoka huko, upande wa kaskazini. HDE 226868 haionekani kwa macho matupu, ila darubini ndogo na usiku wa giza vyatosha. Vyama vya Kiswahili vya Meru na Embu viwaalike wanafizikia wa vyuo vyao usiku mmoja: wao waeleze, wanakiswahili waandike, na makala yasomwe kabla ya kupambazuka.