"Halisi" kwa maana gani?

Hivi majuzi niliombwa kuamua ugomvi ambao, kwa mtazamo wa kwanza, haukunihusu ndewe wala sikio. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa anauza gari lake la spoti, Datsun 240Z la mwaka 1970. Katika tangazo lake aliandika kwamba kila kitu katika gari hilo ni "orijino". Mnunuzi, kijana niliyewahi kumfundisha, alikuja na fundi wake. Fundi akafungua boneti, akapangusa vumbi, akasoma alama iliyosubuliwa kwenye kichwa cha injini: E88. Akasema kwamba gari la mwaka huo lilitoka kiwandani likiwa na kichwa chenye alama ya E31. Kijana akamwita mzee mwongo. Mzee naye akaapa kwamba kichwa hicho ni cha Datsun hasa, wala si cha bandia, na kwamba alikibadilisha zamani baada ya kile cha kwanza kupindwa na joto.

Nani alisema kweli? Mimi si makanika. Kazi yangu ni maneno, na ndiyo sababu waliniletea shauri lao. Niliwaambia kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli, na kwamba mkosaji alikuwa neno lenyewe.

Wasomaji wa umri wangu na walionizidi hawahitaji kujulishwa gari hili. Ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, kisha mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Lilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, ikipewa jina la L24. Leo magari hayo ni machache, na bei yake hutegemea sana jinsi yalivyobaki kama yalivyotoka kiwandani. Kwa hiyo neno moja katika tangazo laweza kuongeza au kupunguza fedha nyingi. Laweza pia, kama nilivyoona, kumvunjia heshima mtu mwadilifu.

Tutazame basi maana zinazojificha ndani ya neno hilo. Maana ya kwanza ni kipuri kilichotengenezwa na kiwanda chenyewe au na mshirika wake, kinyume cha kipuri bandia. Hii ndiyo maana ya mtu anayenunua vipuri mjini akihofia kupunjwa, na ndiyo aliyokuwa nayo mzee. Maana ya pili ni kipuri cha aina ile iliyofungwa kwenye gari la mwaka ule. Hapo E88 haitoshi, hata kama ni ya Datsun. Maana ya tatu ni kipuri chenyewe ambacho gari lilizaliwa nacho, siku lilipotoka kiwandani. Hapo hata E31 iliyotolewa katika gari jingine haitoshi. Kiswahili chetu kina "halisi", "asili", "asilia" na "kile kile", lakini tunayatumia maneno haya kana kwamba ni mamoja. Hata "kile kile" kina utata: nikisema nimevaa shati lile lile ulilovaa jana, sina maana kwamba nimekuvua.

Mfano mwingine ni kabureta. Magari ya 240Z yalifungwa kabureta mbili za Hitachi. Zile za awali zilikuwa na kuba za mviringo, lakini magari ya 1973 yaliyouzwa Marekani yalipewa kabureta bapa kwa ajili ya sheria za moshi. Wenye magari hawakuzipenda. Wengi walizing'oa wakafunga zile za awali. Matokeo yake ni gari linalokwenda vizuri zaidi, lenye kabureta halisi za Hitachi, na ambalo hata hivyo si kama lilivyotoka kiwandani. Na tuseme nini juu ya yale magari kadhaa ambayo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kampuni ya Nissan nchini Marekani iliyanunua yakiwa makuukuu, ikayakarabati, na kuyauza tena? Aliyeyakarabati ni mwenye jina lenyewe, lakini ukarabati ni ukarabati.

Mahakama nazo zimewahi kukumbana na fumbo hili. Mwaka 1990, mbele ya Jaji Otton katika Mahakama Kuu mjini London, palikuwa na kesi juu ya gari la Bentley liitwalo Old Number One, mshindi wa Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mnunuzi alikataa kutimiza ununuzi wa pauni milioni 10 akidai kwamba hilo silo. Kweli, sehemu kubwa ya gari la 1930 ilikuwa imebadilishwa kadiri miaka ilivyopita. Hata hivyo, jaji aliona kwamba historia yake haikukatika, kwa hiyo lilistahili jina lake, ingawa lisingeweza kuitwa asilia kwa maana kamili.

Jambo la kuzingatia ni ushahidi. Fundi mzuri hatosheki na alama moja. Husoma nambari ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, akailinganisha na kibati kilichomo chini ya boneti, kisha na nambari iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Anajua kwamba kibati hushikwa kwa ribiti tu na chaweza kuhamishwa. Anajua pia kwamba E31 ni alama ya aina, si nambari ya kipuri kimoja, hivyo haithibitishi kuzaliwa pamoja na gari. Mwanafunzi wa isimu anayetafuta chimbuko la neno hufanya vivyo hivyo. Kufanana kwa sauti pekee si hoja. Sharti ushahidi wa pande kadhaa ukubaliane.

Kwa sababu hiyo, nawalaumu zaidi wale wanaosaga chuma na kugonga nambari mpya ili gari lionekane halikuguswa. Kubadilisha kipuri kilichoharibika si kosa, bali ni utunzaji. Lakini anayefuta nambari anafuta ushahidi, na ushahidi ukishasagwa haurudi. Ni sawa na mtu anayekuta muswada wa kale wa utenzi, akakwangua maneno asiyoyaelewa na kuandika anayoyapenda, kisha akatuambia ndivyo mtunzi alivyoandika.

Nilimshauri mzee aandike tangazo upya: bloku ya kuzaliwa nayo, nambari zake zikilingana na kibati, kichwa cha Datsun, lakini cha aina ya baadaye, na sababu ya kubadilishwa kwake. Kijana aliomba radhi. Bei ilishuka kidogo, gari likauzwa.

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu. Mwanafunzi anapoandika "halisi" katika insha yake, liwe juu ya gari, mila au lugha, tumwulize: kwa maana gani, na kwa ushahidi upi? Huenda atakuna kichwa. Na akune, kwani hapo ndipo atakapoanza kufikiri.