Kufasiri Programu kwa Mashine

Katika chama chetu cha kompyuta wako wenzangu wasemao kwamba kujifunza lugha za zamani za kompyuta ni kupoteza wakati bure, kwa kuwa siku hizi iko mitambo inayofasiri programu nzima toka lugha moja hata nyingine kwa dakika chache. Mitambo hiyo naisifu, lakini shauri lao silikubali.

Tazameni lugha ya Python. Toleo la 3 lilipotoka mwaka 2008, watengenezaji walitoa na mfasiri wake, aitwaye 2to3, wa kubadili programu za toleo la 2. Maneno mengi aliyageuza barabara, ila alama ya kugawanya aliiacha ilivyo. Sasa katika toleo la 2, namba 99 ikigawanywa kwa 2 hutoa 49, nusu ikatupwa. Katika toleo la 3 hutoa 49.5. Programu haigomi wala haitoi onyo.

Chukueni mwanafunzi aliyepata jumla ya alama 99 katika mitihani miwili, na kupita ni 50. Kwa programu ya zamani ameanguka. Kwa ile mpya, kama ripoti huandika namba nzima iliyo karibu, ana 50, naye apanda darasa. Ipi sahihi? Pengine mwandishi wa kwanza alikusudia kuitupa nusu kwa agizo la mwalimu mkuu. Pengine hakuifikiria kabisa. Katika maandishi ya programu jibu hilo halimo, basi mashine italipata wapi?

Mitambo ya leo yenye akili bandia hufasiri kwa ufasaha zaidi, na hapo ndipo naogopa zaidi. Kosa la mfasiri mbovu huonekana upesi, maana programu hukataa kwenda; la mfasiri hodari hupita kimya. Wataalamu wa Facebook waliotengeneza TransCoder mwaka 2020 hawakutosheka kuona tafsiri inafanana na programu ya mfano: waliziendesha zote mbili kwa namba zile zile, wakalinganisha majibu.

Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, ambao ofisini mwenu zimo programu za miaka mingi, fanyeni vivyo hivyo kabla ya kuitupa ile ya kwanza. Ijaribuni kwa sifuri, kwa nusu, na kwa namba zilizo chini ya sifuri. Majibu yakitofautiana, atahitajiwa mtu awezaye kuisoma lugha ya zamani. Kwa hiyo naomba chama chetu kisiliondoe somo hilo muhula ujao.