Aliyefunga Uzazi Si Maksai

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, akitajwa mwanamume aliyefunga uzazi, neno "maksai" hutangulia jina lake. Watu wazima, wenye elimu zao, wanaamini kwamba daktari akikata mirija ya kupitishia mbegu, urijali nao umekwenda. Ni uongo, na wanaoulipia ni wake zetu.

Maksai huharibiwa kokwa. Aliyefunga uzazi, korodani zake ziko palepale na mbegu zinatengenezwa kila siku. Homoni ya kiume hupita kwenye damu, haina haja na mirija. Hata manii hutoka kama zamani, kwa kuwa karibu yote ni majimaji ya tezi za ndani.

Anayebisha anijibu hili. Mirija ile huungwa tena kwa hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya wanaume zaidi ya 1,200 walioungwa hivyo. Waliowahi kabla ya miaka 3 tangu wafunge, mbegu zilionekana tena kwa asilimia 97, na mimba zikapatikana kwa asilimia 76. Waliokaa miaka 15 au zaidi, mbegu asilimia 71, mimba 30. Kama walihasiwa, mbegu hizo zilitoka wapi? Tena mrija ukikataa kuungika, daktari huweza kuchota mbegu kwenye korodani yenyewe na kuidunga ndani ya yai maabarani.

Simwambii mtu afunge kwa kutegemea kufungua. Kuunga ni ghali, mafundi wake wachache, na miaka haimsubiri mtu. Afunge aliyetosheka na watoto.

Linaloniuma ni kwamba sisi watu wa pwani, Mkinga hadi Pangani, kisu cha huko chini si kigeni kwetu. Mbu wametuletea busha vizazi na vizazi. Wazee wetu wamepasuliwa mabusha pale hospitali ya Bombo, upasuaji mkubwa kuliko huu wa mirija, ambao ni tundu dogo na ganzi, na mtu anarudi kwake siku hiyohiyo. Wa busha tuliwapa pole na hongera. Hatukumwita hata mmoja maksai.

Mama wa watoto sita, mwenye presha, anaambiwa akafungwe yeye. Tumbo lake limeshapasuliwa mara mbili kwa ajili ya watoto wetu. Na mara ya tatu tunamwachia yeye, kwa kuogopa neno la kijiweni.