Promo ya nusu bei: mchuuzi wa Mapendo anabakia na nini?

Mtengenezaji wa gato katika kartie Mapendo anauza gato moja ya sherehe dola 20. Unga, sukari, mayai, mafuta na makala vinakula dola 12. Anabakia na dola 8. Siku moja anapata ujumbe ku telefone: mtu mwenye ukurasa wenye wafuasi wengi anamwomba apunguze bei mpaka nusu. Yeye atamletea wateja 100, na pesa itakayoingia watagawana nusu kwa nusu.

Bei hizo ni za mfano tu, ila pendekezo lenyewe si geni kwa mama au kijana yeyote wa Goma anayeuza kitu na ana WhatsApp. Na kwa kusikia mara ya kwanza linapendeza. Wateja 100 kwa juma moja! Nani atakataa?

Lakini chukua kalamu. Gato inauzwa dola 10. Mwenye ukurasa anachukua 5, mtengenezaji anabakia na 5. Ametumia 12. Kwa kila gato anapoteza dola 7, na kwa gato 100 ni dola 700, mbali na yule binti aliyekuja kumsaidia kuchanganya unga usiku. Anaambiwa: usijali, watu watazoea gato yako, watarudi na bei ya kawaida. Tuseme 10 kati ya wale 100 wanarudi. Kila mmoja anamwachia benefisi ya dola 8, yaani 80 kwa wote kumi. Ili arudishe zile 700, kila mmoja wao anapashwa kununua karibu mara tisa. Na gato ya siku ya kuzaliwa mtu anainunua mara ngapi kwa mwaka?

Biashara hii ya kuponi ilipata jina kubwa huko Chicago, Marekani, mwaka 2008, wakati kampuni Groupon ilipoanza. Ofa yake ya kwanza ilikuwa pizza mbili kwa bei ya moja, katika bar iliyokuwa chini ya jengo lao wenyewe. Kila siku ilitumia watu ujumbe wenye ofa moja: chakula, masaji, kusuka nywele, mara nyingi kwa nusu bei. Mteja analipa kwanza ku intaneti, anapata kuponi, anaenda nayo dukani. Kampuni ilizoea kubakiza karibu nusu ya kile mteja alicholipa. Hivyo duka la dola 20 linaona dola 5 hivi, sawasawa na gato yetu ya Mapendo.

Ilikua haraka sana. Mwisho wa 2010 Google ilikuwa tayari kuinunua kwa karibu dola miliardi 6, Groupon ikakataa. Novemba 2011 iliuza hisa zake za kwanza sokoni kwa dola 20 kila moja. Mwaka mmoja nyuma hisa ile ile ilikuwa chini ya dola 3, na Februari 2013 mwanzilishi wake, Andrew Mason, akafukuzwa kwenye uongozi. Mwaka 2015 ilifunga kazi katika nchi kadhaa, Moroko ikiwa moja kati yake.

Afrika Mashariki pia ilijaribu. Nairobi kulikuwa na Rupu, ya kampuni ya Uswisi Ringier, iliyouza kuponi za migahawa, saluni na hoteli, na watu waliweza kulipa na M-Pesa. Baadaye Rupu yenyewe iligeukia kuuza vitu ku intaneti kama duka. Kwetu Kongo Groupon haikufika. Kilichofika ni wazo lake, bila ofisi, bila mkataba ulioandikwa, ndani ya makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook.

Mfano unaotisha zaidi unatoka Uingereza. Novemba 2011, mkate na gato za duka moja dogo karibu na mji wa Reading, linaloitwa Need a Cake, ziliingia kwenye ofa ya Groupon: gato ndogo 12 zenye bei ya pauni 26 kwa pauni 6.50 tu. Watu 8,500 walinunua. Maana yake gato 102,000. Mwenye duka alilazimika kuongeza wafanyakazi 25 wa muda, na kila sanduku lilimtia hasara. Mwishoni alikuwa amepoteza pauni 12,500, ndiyo kusema faida yote ya mwaka ule. Hakuna aliyemwibia. Ofa ilikubali watu wengi kuliko mikono na tanuri, na bei ilikuwa chini ya kile alichotumia kutengeneza.

Hata hivyo, kusema kila promo ni wizi si kweli. Mwaka 2010, Utpal Dholakia, profesa wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, aliuliza wafanyabiashara 150 waliotumia Groupon. 66 kwa mia walisema walipata faida, 32 kwa mia walisema walipata hasara. Zaidi ya 40 kwa mia walisema hawatarudia. Ajabu ni kwamba kati ya kazi za huduma, migahawa njo ilifanya vibaya zaidi, na saluni pamoja na nyumba za masaji zikafanya vizuri zaidi. Alipoangalia wateja wa kuponi, aliona tofauti iko wapi: kwa waliopata faida, 31 kwa mia ya wateja walirudi na kulipa bei kamili, kwa waliopata hasara, walirudi 13 kwa mia.

Juu ya nini saluni ifaulu na mgahawa ushindwe? Jibu liko kwenye kitu ambacho kila mama wa soko ya Birere anakijua bila kwenda shule ya biashara. Sahani ya sombe na sambaza inakula pesa kila inapotoka jikoni: mafuta, samaki, makala. Ukiuza sahani mia, umenunua vitu vya sahani mia. Lakini kiti cha saluni siku ya Jumanne asubuhi kiko pale tupu, nyumba imelipiwa, kioo kiko ukutani, na mwenye saluni amekaa anaangalia telefone yake. Mteja akija na kuponi, na meshi yake mkononi, mwenye saluni anatumia saa zake na mafuta kidogo ya nywele. Akibakia na dola mbili na nusu kwa kazi ya dola kumi, ni kidogo, lakini ni pesa ambayo haingeingia.

Basi tu isiwe Jumamosi. Jumamosi viti vimejaa wanaoenda harusini, na kila mmoja analipa dola 10. Mwenye kuponi akikalia kiti kile, saluni imepoteza saba na nusu. Na ikiwa msusi analipwa kwa kila kichwa, kama inavyofanyika katika saluni nyingi, lazima aulizwe kwanza: je, atakubali kusuka kichwa kile kile kwa pesa ndogo zaidi? Dholakia aligundua kwamba furaha au hasira ya wafanyakazi ilikuwa na uzito sana kwenye faida au hasara ya promo nzima. Msusi aliyekasirika anasuka vibaya, na mteja wa kuponi harudi tena.

Kampuni za telefone njo zinatuzoesha vibaya hapa. Mtu anaona anapewa mega nyingi za usiku kwa bei ndogo, anafikiri kila biashara inaweza kufanya vile. Antena imewaka tayari, watu wakilala haina kazi, na mega ya ziada saa nane ya usiku haiigharimu kampuni karibu kitu. Muuza mikate hana antena. Yeye ana gunia la unga, na gunia linaisha.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza promo italeta watu wangapi, kuna swali lingine la kuuliza mbele: ile tofauti ya bei, nani anailipa? Wakaaji wengi wa Kivu ya Kaskazini wameona jibu lingine kwa macho yao. Katika maonyesho ya misaada, yale yaliyokuwa yakifanyika chini ya programu ya UNICEF iliyojulikana kwa herufi RRMP, familia za wahamaji hazikupewa sufuria au blanketi kutoka kwenye lori. Zilipewa kuponi, wengine wakiziita jetoni. Wafanyabiashara walipanga vitu vyao kwenye kiwanja, wamama wakachagua wenyewe: huyu sufuria na mkeka, yule vikwembe na ndoo. Jioni mfanyabiashara alihesabu kuponi zake, na shirika likamlipa.

Kuponi ile haikumpunguzia mchuuzi bei. Bei ya juu ilijadiliwa mapema, halafu thamani yote iliyoandikwa kwenye karatasi ilirudi kwake, sababu tofauti ililipwa na mfadhili. Shida yake ilikuwa nyingine: kujaza mali kwanza, wakati mwingine kwa deni, na kungojea pesa. Lakini ukizilinganisha, ni karatasi mbili zinazofanana sura tu. Moja inamletea mchuuzi mnunuzi na pesa ya mnunuzi. Nyingine inamletea mnunuzi na kumwachia yeye kulipa nauli.

Na kungojea pesa kule ni jambo la kuangalia sana Goma ya leo. Huko Marekani Groupon ilikuwa ikiwalipa wafanyabiashara kwa vipande, kwa muda wa karibu siku 60. Katika nchi nyingine nyingi ililipa tu kwa kuponi ambayo mteja ameitumia. Aliyesahau kuponi yake nyumbani, pesa yake haikufika dukani. Mwenye mtaji mkubwa anaweza kungoja siku 60. Anayenunua unga leo kwa pesa ya mauzo ya jana hawezi. Tangu banki zilipofunga milango hapa mjini mwisho wa Januari 2025, makuta mingi inapitia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na kuitoa kwenye telefone ni gharama nyingine juu ya ile ya mwenye ukurasa. Yule mtengenezaji wa gato aliyefikiri ana dola 5 mkononi, akiisha kuzitoa hana 5.

Kwa sababu hiyo, anayekubali promo ya mtu mwingine ana haki ya kudai vitu ambavyo mara nyingi anaona haya kuvidai. Mteja alipe ku nambari ya mchuuzi mwenyewe, halafu mchuuzi ampe mwenye ukurasa sehemu yake, si kinyume. Idadi iwekwe: watu 15 au 20, si "wote watakaokuja". Siku zitajwe. Na bei ya promo, baada ya kutoa fungu la mwenye ukurasa, isishuke chini ya gharama ya kutengeneza. Mwenye ukurasa akikataa hilo la mwisho, ameonyesha tayari nani anatakiwa kulipa tofauti.

Wengine watasema: bila promo, mtu mpya wa Mapendo atajulikana namna gani? Swali ni la haki, biashara zimejazana karibu karibu, na ubao mzuri mlangoni hautoshi. Lakini iko njia ya bei ndogo zaidi, na ni ya zamani kuliko intaneti. Anayepima maharagwe kwa murongo anaongeza mkono mmoja juu, kidogo tu, mnunuzi akiwa anaangalia. Nyongeza ile, matabishi yale, haishushi bei: kesho murongo uko pale pale. Promo ya nusu bei inafundisha mteja kwamba gato ya dola 20 ni ya dola 10, na akirudi anauliza juu ya nini imepanda. Saluni inayotoa kadi, kichwa cha kumi bure baada ya tisa vilivyolipiwa, inatoa sehemu moja tu kwa kumi, na inampa yule aliyerudi. Kuponi ya ukurasa inatoa robo tatu, na inampa mtu ambaye pengine anaishi Keshero na hatapita Mapendo tena.

Kuna kitu kimoja bado, kidogo kwa macho lakini njo mali yenyewe. Groupon ilikuwa na orodha ya anwani za wanunuzi. Duka lilikuwa na kuponi zilizotumika. Promo ikiisha, aliyejua wateja ni nani na wapi wanapatikana ni kampuni, na duka likitaka kuwaita tena lilipashwa kulipa tena. Mwenye saluni au mwenye gato anayeingia kwenye promo aweke daftari mlangoni: jina, nambari ya telefone, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kama mteja anapenda kuisema. Mwaka unaofuata, siku tano kabla ya tarehe ile, anaweza kumpigia mwenyewe, na gato ni dola 20.