Mvumbasi Ukatwe, Using'olewe

Iko mimea ambayo huwezi kuiita miti wala majani ya msimu. Shina lake ni gumu kama kuni pale chini tu. Matawi ya juu ni laini, huvunjika kwa vidole. Mmoja wao ni mvumbasi, na faida yake kubwa imo katika hicho kisiki kigumu.

Sehemu kavu kama Kithyoko, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, matawi hunyauka kiangazi kikizidi. Usidhani mmea umekufa. Uhai umo kwenye kisiki, na mvua za Oktoba na Novemba zikinyesha, mara nyingi huchipua tena. Anayeung'oa wote kwa haja ya leo hujinyima majani ya mwaka ujao. Tumia kisu, kata shibiri moja kutoka ardhini, na uache machipukizi mawili matatu. Akiba haiozi.

Majani hayo ni ya nini? Katika sehemu za Afrika Mashariki, wakulima wamekuwa wakiyachanganya na nafaka ghalani ili kuzuia fukusi. Mnamo 1990, Ahmed Hassanali wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, pamoja na wenzake, walieleza sababu. Mvumbasi una eugenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu harufu yake, na fukusi huikimbia.

Hata hivyo, tahadhari. Jani bichi lina maji, na unyevu ghalani huleta ukungu. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Mvumbasi hufukuza wadudu, lakini hauondoi sumu hiyo. Basi anika majani kivulini mpaka yasagike mkononi, nayo mahindi yaanike juani juu ya turubai, si juu ya udongo.

Kabla ya kujaza gunia, fanya jaribio hili. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, kisha uiache itulie kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka bado ina maji, irudishe juani. Chumvi isiponata, weka akiba yako, na majani ya mvumbasi yaisindikize.