Tunahesabu mabao, presha zetu hatuzijui

Tuambiane ukweli, mashabiki wa Dodoma. Kadi za njano za kila beki tunazijua, presha zetu hatuzijui.

Simba au Yanga ikija Jamhuri kucheza na Dodoma Jiji, ratiba ni ileile: chipsi zilizojaa chumvi, nyama choma, bia, sigara, kulala alfajiri. Siku moja siyo kesi. Kesi ni kila wikiendi, mwaka mzima.

Presha ya juu haipigi filimbi. Inachakaza mishipa ya damu kimyakimya. Mshipa wa kwenye ubongo ukiziba au kupasuka, hicho ndicho kiharusi. Mdomo unapinda, mkono unalegea, maneno hayatoki. Hapo wengine wanasema karogwa, na muda wa kumuwahisha hospitali unapotea.

Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Mlenda na ugali wa uwele tunao, na uwanjani kwa miguu panafikika.

Klabu nazo ziweke meza ya kupima presha getini. Mchezaji anapimwa afya kabla ya kusaini. Sisi tunasubiri nini?